Kwa Zaituni, Kabla Hujashika Udongo wa Bibi

Mafiga, Alhamisi alasiri

Mwanangu Zaituni,

Nisamehe kwa kukuweka. Swali uliloniuliza siku ile tunashuka kutoka kwa Bibi, nilikwambia nitakujibu tukifika nyumbani. Tukafika nyumbani, Yusufu akaanza homa ya meno, nikasema kesho. Kesho vitumbua, keshokutwa msiba kwa jirani, wiki ikakatika na nyingine ikafuata, mpaka leo begi lako liko mlangoni limeshafungwa na mimi sijajibu kitu. Si kwamba nilisahau. Kila nikikuona unazunguka humu ndani unaimba huku unakunja nguo, nilikuwa naona haya kukuingilia furaha. Sasa umekwenda kusukwa kwa Mama Salma, na Mama Salma akianza kusuka na mdomo nao unaanza, kwa hiyo muda ninao. Yusufu amelala. Nimechukua daftari lako la Jiografia, zile kurasa za nyuma ulizoziacha wazi, usigombe.

Kwa mdomo nisingeweza. Mimi nikianza jambo zito ama nalia ama nafoka, unanijua. Kwa kalamu nitakwenda taratibu, kwa sababu mwandiko wangu wa darasa la saba hauwezi kukimbia hata ukitaka.

Mambo ya kufunga mlango, kula, kuvaa sweta, hayo sitayaandika. Nimekwambia tangu unatambaa, na kama hayajaingia hayataingia leo.

Kwanza ujue nina furaha. Wallahi nina furaha mpaka najishangaa. Jana vitumbua nimeviunguza upande mmoja kwa kusahau kugeuza, kwa sababu akili iko Kinole, huko unakokwenda. Baba Yusufu akaniuliza, "Hivi anayesafiri ni mtoto au ni wewe?" Nikamwambia, "Ni mimi, ila natumia miguu yake." Akacheka, akala vile vilivyoungua bila kulalamika. Mpe na yeye shikamoo yake kesho kabla hujapanda gari, amehangaika sana na lile begi lako kulishona zipu.

Halafu ile safari yetu ya kwenda kuona utakapokaa, mimi sijaimaliza bado. Nikikanda unga naitembea upya. Mimi niliyezaliwa kule juu nilikuwa sijawahi kuitembea milima yetu kama mgeni, nikitazama vitu tu, bila mzigo kichwani. Nilidhani kutembea maduka ya ufundi na makumbusho ni mambo ya wenye kamera shingoni. Kumbe!

Unakumbuka pale Kiroka, tulisimama kununua maji tukaishia kukaa? Yule mama wa duka la barabarani, mikeka ya ukindu imening'inia mpaka huoni mlango, vikapu vya mianzi vimepandana kama watoto wanaochungulia harusi. Akasema, "Karibuni wageni." Nikamjibu, "Sisi siyo wageni, ni watu wa hapa hapa." Akasema, "Basi vizuri, wa hapa hapa huwa hawanunui, wanashika shika tu wanaondoka. Shikeni." Tukacheka sote. Akakupa ukili ujaribu kusuka, ukausuka ukaenda upande kama nyoka aliyepigwa jiwe, akautazama akasema, "Mkeka wa huu ukili ataulalia mwenye kengeza." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi nilikuwa nakutazama nikasema moyoni, huyu mtoto akichekwa hanuni. Hiyo ni mali. Mimi nilikuwa nanuna.

Na pale pale ndipo uliponishtua. Uliona kile chungu cha udongo kwenye kona, kimepandwa ua, ukakiinua ukatazama chini yake, ukasema kwa sauti, "Mama, ona, kimetobolewa! Si Bibi angetengeneza hivi, mimi nikavipiga picha nikaviweka mtandaoni? Watu wa Dar wangevigombania." Ukanigeukia na macho yanang'aa. Nikajifanya nachagua miiko. Ndiyo maana humu ndani tuna miiko mitatu mipya na sufuria mbili. Subiri, nakuja hapo.

Tukaenda kwa yule kijana mchoraji, kwenye ile stoo ya zamani ya kuanikia karafuu aliyoigeuza chumba cha picha. Bado inanukia karafuu, unaangalia picha ya mawingu na pua inapata chai. Ile aliyochora juu ya kipande cha bati, milima asubuhi na moshi wa majiko unatoka kwenye mikunjo ya mlima, mimi nilisimama pale sikutaka kuondoka. Niliona kama ninajua ni jiko la nani kila moshi. Yule kijana alituambia kila picha aliichorea wapi, lakini Zaituni, picha alikuwa anaonyesha kwa kidole na macho yake yako kwako. Akasema, "Dada akija kukaa huku, karibu kila siku." Nikasema, "Ataingia siku ambayo na mama yake yupo." Ulinikanyaga mguu. Bado neno langu ni lile lile.

Halafu makumbusho. Mwanangu, nimeshawahi kucheka hivyo lini? Nilidhani tutaona mifupa ya wafalme. Tukaingia kwenye kile chumba kilichokuwa darasa, tunakuta kinu, mchi, ungo, kigoda cha mbuzi ya nazi, mtungi wa maji, chungu. Vimepangwa kwenye meza, vimezungushiwa kamba. Kwenye chungu pameandikwa, "Chungu cha kupikia, kilitumika zamani." Nikamuuliza Mama Sikudhani, kiongozi wa kile kikundi cha akina mama, "Zamani ipi hii? Mimi juzi nimepikia maharage." Akaniambia, "Dada, usishike." Nikasema, "Nashika cha kwetu." Akasema, "Ndiyo hivyo hivyo wanavyosema wote, mwisho tutabaki na kamba." Tukapatana hapo hapo.

Na tulipofika kwenye kile kimti, unakumbuka, kitoto cha mti kisicho na mikono, kichwa kimechongwa nywele zimegawanyika mara mbili, Mama Sikudhani alimgeukia yule dereva wa bodaboda aliyeingia na sisi akamwambia, "Baba, hapa pana mambo ya wanawake, katazame pikipiki yako kama ipo." Akatoka haraka kama ameitwa na polisi. Ndipo Mama Sikudhani akakueleza jinsi mwali alivyokuwa anapewa kitoto hicho akiwa ndani, akilee, akipake mafuta, akichane. Wewe ukauliza maswali mengi, mengine nikaona aibu mimi. Mama Sikudhani akakutazama muda mrefu akaniambia, "Huyu ndiye. Wageni wanakuja kuona maporomoko na viungo, wakifika hapa wanakuta mimi na magoti yangu. Nataka mtu anayeuliza hivi, ndiye atakayejua kujibu." Ulisimama wima kama mtu aliyetajwa kwenye redio. Na mimi moyo ulinipanda mpaka kooni kwa raha. Binti yangu atasimama kwenye ule mlango aseme karibuni. Binti yangu atawaambia watu kinu ni nini na mwali ni nani, na watamsikiliza.

Ila kazi ya mlangoni ni nusu tu ya kinachokupeleka. Nusu ya pili iko kwa Bibi Mwanamvua, na hiyo bado hujapewa.

Nataka uelewe vizuri, kwa sababu siku ile ulisikia vipande vipande. Bibi Mwanamvua ni dada yake mama yangu, mama yangu mkubwa mimi, bibi yako wewe. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, lukolo, ndio huo ukoo, unapita kwa wanawake, na ufinyanzi wa nyumba yetu umepita huko huko, kwa mama kwenda kwa binti. Bibi hakuzaa msichana. Mama yangu alinizaa mimi peke yangu. Mimi nikakuzaa wewe. Sasa tazama nyuma ya Bibi, hesabu waliobaki. Mikono yake imeanza kutetemeka, uliiona mwenyewe alivyokuwa anashika kikombe. Akienda bila kumpa mtu, vile vyungu vyetu vyenye shingo fupi na ule mstari wa kucha mabegani vitabaki kwenye meza ya Mama Sikudhani vimezungushiwa kamba, na hapo ndipo yale maandishi ya "zamani" yatakuwa kweli.

Damu hawezi kukunyima. Mkono anaweza. Alivyosema siku ile ndivyo alivyo: "Aje akae. Kuona aone. Kushika, tutaona."

Sasa swali lako. Nilikuwa barazani, wewe umezunguka nyuma ya nyumba, nasikia yote.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

"Shikamoo Bibi. Ni Zaituni."

"Marahaba. Zaituni wa nani?"

"Wa Rukia."

"Rukia yupi? Akina Rukia wengi."

"Rukia wako, Bibi. Wa Mafiga. Yuko hapo barazani."

"Aa, Rukia wa matundu! Mwambie kigoda kipo hapo, akae. Huku nyuma kuna vyungu vizima."

Ulipotoka ulikuwa unacheka, na njiani ukanishika mkono ukaniuliza, "Mama, matundu gani?"

Haya. Wewe ulikuwa mgongoni, hata hujaota meno. Mimi sikuwa mkubwa kuliko ulivyo sasa kwa mengi. Nilikuwa nimeshuka mjini kutafuta maisha, na Bibi alikuwa ananipa vyungu nije kuuza. Ananipa kwa imani, hapimi, hahesabu. Kulikuwa na mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la mapazia na vyombo, mtu mwema sana, alikuwa anakupa biskuti kabla hujaweza kuzitafuna. Siku moja akageuza chungu chetu akasema, "Rukia, hiki kingekuwa na tundu chini maji yakatoka, watu wenye baraza nzuri wangepandia maua. Niletee vya namna hiyo, nitachukua vyote."

Mwanangu, nilipanda ule mlima kama nimebebwa na upepo. Nilikuwa na furaha kama uliyo nayo wewe sasa, ndiyo maana naiogopa kidogo na naipenda. Nikafika, nikakuta wanachoma. Wanawake wamezunguka moto wa nyasi na magome, vyungu viko ndani vimeanza kuiva. Mama yangu alikuwa mgonjwa, amelala chumbani, dirisha wazi. Sikusalimia hata vizuri. Nikasema kwa sauti, "Mama mkubwa! Nataka vyungu, vingi, na vyote vitobolewe chini!"

Na kama kwa makusudi, chungu kimoja kikapasuka ndani ya moto, pwaa.

Wewe hujui, kwa sababu umekulia mjini. Kwa akina bibi zetu kule juu, mwanamke akifa, chungu alichokuwa anapikia kinatobolewa chini na kuwekwa kichwani mwa kaburi lake, asije mwingine akakipikia. Masheikh wengine hawapendi, na siku hizi wengi wameacha, lakini wakati ule bado. Chungu chenye tundu kilikuwa na kazi moja tu. Na mimi nimesimama mbele ya moto, ndugu yake Bibi yuko ndani mgonjwa, naagiza vingi.

Usiseme mama hakujua. Nilijua. Nimeyaona hayo makaburi tangu mtoto. Ila akili yangu siku hiyo ilikuwa imebaki dukani, imekaa kwenye kiti.

Unajua nani aliokoa? Mama yangu mwenyewe. Sauti ikatoka dirishani, nyembamba: "Dada, mwache mtoto. Muulize tu, vyote hivyo mimi peke yangu nitavilalia vipi?" Wanawake wakacheka mpaka wengine wakajifuta machozi kwa khanga. Ndivyo bibi yako mzaa mama alivyokuwa, hukumjua, nasikitika sana hukumjua. Bibi Mwanamvua hakucheka. Akaniambia tu, "Chukua vizima, kauze vizima."

Ingeishia hapo ningekuwa nimesamehewa kabla ya magharibi. Sikukubali iishie hapo. Nikavichukua vizima, nikashuka navyo, nikakaa uani hapa Mafiga na msumari na nyundo, nikavitoboa mwenyewe. Vingi vilipasuka. Nikajifunza. Unaweka mchanga ndani, unagonga polepole kwa kuzungusha, usigonge mara moja. Vilivyobaki nikavipeleka dukani na vikachukuliwa vyote, na mimi nikajiona mjanja kuliko wazee. Vyungu ambavyo sijawahi kukanda hata udongo wake.

Baadaye Bibi alishuka mjini akapita pale. Mimi sikuwepo. Yule mama wa duka ndiye aliyenisimulia, bila kujua anasimulia nini: "Kuna bibi mmoja alikuja, akainama, akaingiza kidole kwenye tundu la chungu, akakaa hivyo kidogo, akaondoka bila kununua."

Hakuniuliza. Alirudi mlimani na hakuniuliza. Mama yangu alipofariki nikapanda, tukazika, ikafika wakati wa chungu. Wote tumesimama. Mtu akamnyooshea Bibi kile chungu cha mama na jiwe. Bibi akasema, "Mpeni Rukia. Ndiye fundi."

Nikakitoboa. Na Zaituni, kilitoboka vizuri. Hakikupasuka hata ufa, mkono wangu ulikuwa umeshazoea. Hilo ndilo linaloniuma kuliko maneno yake.

Basi ndiyo matundu. Tangu siku hiyo sijazunguka nyuma ya ile nyumba. Hakunifukuza, tusimsingizie. Nikimpelekea sukari anapokea, ananirudishia ndizi. Nikienda nakaa barazani, ananiletea chai mwenyewe. Lakini kule kwenye udongo ninasikia tu, pa, pa, pa, anavyoupiga, na harufu yake inanifikia pale kwenye kigoda. Siku ile na wewe uko nyuma naye, nilisikia hiyo sauti na sauti yako pamoja. Nilishika kigoda kwa mikono miwili. Furaha, mwanangu. Usifikiri kitu kingine.

Nimekaa na jambo hili miaka yote hii ya umri wako, na sijafika kwenye lile jibu ambalo watu hufikiri nitafika, kwamba mambo ya zamani yasiguswe. Hapana. Yule mama wa duka hakukosea, na maua nayo yanahitaji pa kukaa. Wazo lako la pale Kiroka si baya, na wewe si mimi. Kosa langu lilikuwa kukiamulia kitu ambacho sikukijua kwa mikono. Ningekuwa nimefinyanga hata kimoja, nikakisubiri kikauke kivulini, nikakiogopea kwenye moto, nisingekishikia msumari. Au ningeshika, lakini baada ya kukaa na Bibi, na pengine Bibi mwenyewe angesema, lete nikuonyeshe tundu linavyowekwa udongo ukiwa mbichi. Sitajua. Sikumpa nafasi ya kusema.

Kwa hiyo hili ni la mama yako na sitalirudia: neno la vyungu vya maua usilipeleke kwa Bibi. Wala la picha, wala la mtandao. Siku mikono yako itakapokuwa inaujua ule udongo, utakachoamua na yeye ni chenu, na mimi nitanunua cha kwanza. Kabla ya hapo, hapana.

Wageni watakuja na watakuuliza, "Hatuwezi kumwona bibi akifinyanga?" Nakujua, ulimi wako mwepesi wa kusema ndiyo ili mtu afurahi. Nimekurithisha mimi huo ulimi. Usimjibie. Mwambie mgeni utauliza, kisha usiulize siku hiyo. Makumbusho ni ya kijiji na mlango ni wako kuufungua, ila uani kwa Bibi ni uani kwa Bibi.

Akikutuma kuni, nenda. Akikupa kutwanga magae ya vyungu vilivyovunjika, vumbi lijae puani, twanga, ndiyo yanayochanganywa na udongo ili usipasuke. Watu husema mfinyanzi hulia gaeni kama vile ni dhihaka. Sisi tulikuwa tunakula gaeni kweli, mimi na mama, ugali na mlenda, kwa sababu vizima vyote vilikuwa vya kuuza, na sikumbuki chakula kitamu kama kile. Akikupa gae ule, ujue hajakudharau.

Na akikucheka, cheka kama ulivyocheka Kiroka. Mimi nilidhani kila anayenicheka ananishusha. Mama yangu mwenyewe alinicheka kitandani akiwa anaumwa, alikuwa ananiopoa kwenye maji, na mimi nikanuna.

Itawezekana pia asikupe. Nimekwambia kweli tangu mwanzo na hapa nakwambia kweli. Mwaka unaweza kwisha unaona tu. Ikiwa hivyo usirudi kwa hasira, wala usimchukie kwa ajili yangu, na usinitetee. Kazi ya ule mlango ni kazi kamili, ifanye. Waambie watu hadithi za vile vitu kwa uhai, wacheke, washike hata kama Mama Sikudhani hataki. Mimi nitajivunia hivyo hivyo. Lakini moyoni, Zaituni, nasema tu ukweli wangu, naomba akupe. Naomba kila swala. Nikiosha vyombo nakuona umekaa chini ya ule upenu miguu umeinyoosha, bonge la udongo mbele yako, na Bibi anakugonga kiwiko anakwambia siyo hivyo. Nikiiona picha hiyo uchovu wote wa kuamka alfajiri unaniacha. Nakuwa na nguvu za kukimbia mpaka Kiroka.

Yusufu anajigeuza, ataamka sasa hivi. Na nasikia mnavyocheka kwa Mama Salma, amekusuka twende kilioni, mtindo gani huo wa kumsuka mtu anayekwenda kwenye raha. Utakuja utaniuliza nimependeza, na nitasema umependeza, na nitalia, na wewe utasema mama umeanza. Barua nitaiweka begini, katikati ya khanga mbili za juu. Usiisome garini, barabara ya kule ina mashimo, utatapika.

Nakupenda kuliko ninavyojua kuandika. Nenda, mwanangu. Panda.

Mama yako,
Rukia

Nilikuwa nimeshaifunga barua lakini kuna vitu nahitaji unitumie, mpe dereva wa gari la asubuhi, anapita hapa karibu. Kwanza magome ya mdalasini ya Kinole, yale mazito yenye ukali, chai ya dukani imenichosha. Halafu picha yako umesimama mlangoni kwa makumbusho, Mama Sikudhani akupige yeye, na asikate miguu. Jina la ule mti ambao magome yake yanachemshwa ili kunyunyizia vyungu vikitoka motoni, nililijua nikiwa mdogo na limenitoka, lisikie kwa Bibi mwenyewe akilitaja, usimuulize. Urefu wa wayo wa Bibi, upime kwa uzi akiwa amelala ukate hapo hapo, nataka kumtafutia viatu vya mvua, na usimwambie ni vya nani. Akikuachia udongo, kile cha kwanza chako nakitaka mimi, hata kiwe kimepinda, hata kiwe kimepasuka, kifunge kwa majani makavu ya mgomba. Maneno yake akinitaja, nitumie kama yalivyotoka, usiyatie sukari. Na nitumie siku. Siku ambayo atasema mwambie mama yako apande aje huku nyuma, andika hiyo siku peke yake, Jumamosi au Jumanne au yoyote, usiongeze neno, mimi nitamfunga Yusufu mgongoni nije.